Kisiwa Ambacho Kila Mtu Ana Kazi Tano

Katika ukurasa huu wa safari huwa tunatembea kwa macho na kwa ramani, maana kwa miguu tunajua mwisho wetu ni wapi. Mwezi huu tunakwenda mbali kuliko tulivyowahi kwenda. Tunakwenda Tristan da Cunha, kisiwa kidogo katikati ya Bahari ya Atlantiki ya kusini.

Tumekichagua kisiwa hicho kwa sababu ya ubishi ambao uko karibu katika kila nyumba hapa kambini. Kijana anafundisha asubuhi, mchana anafyatua tofali, jioni yuko kwaya, na usiku zamu yake ya ulinzi imefika. Akirudi nyumbani mzazi anamwuliza: "Sasa wewe kazi yako ni ipi?" Akitaja zote, anajibiwa kwa methali: mshika mbili moja humponyoka. Na hiyo posho ndogo anayoleta mwisho wa mwezi ndiyo kabisa inampa mzazi ushahidi. Eti kujitolea siyo kazi.

Sisi walimu wa kujitolea tunaijua methali hiyo vizuri, tumeisikia mara nyingi. Ndiyo maana tulifurahi kusoma habari za watu ambao wameshika mbili, tatu, mpaka tano, kwa zaidi ya miaka 200, na kijiji chao bado kimesimama.

KISIWA CHENYEWE

Chukueni ramani ya dunia. Wekeni kidole kwenye mji wa Cape Town, kule chini kabisa Afrika Kusini, halafu mwende upande wa magharibi baharini. Endeni kilomita karibu 2,800. Hiyo ni zaidi ya mara nne ya urefu wa Ziwa Tanganyika, na hapo katikati hakuna mahali pa kutia nanga. Jirani wa karibu mwenye watu ni kisiwa cha St Helena, na huyo yuko kilomita zaidi ya 2,400. Hakuna kijiji kingine duniani kilicho mbali na majirani kama hicho.

Uwanja wa ndege hakuna. Meli kutoka Cape Town inakwenda siku sita au saba bahari ikiwa nzuri, na ikiwa mbaya zinaongezeka. Meli zenyewe ni chache kwa mwaka. Mgonjwa mwenye ugonjwa mkubwa anasubiri meli. Unga, dawa, misumari, mafuta, vyote vinasubiri meli. Wasomaji wetu mnajua kusubiri gari la mgao. Sasa fikirieni gari lenyewe likija mara chache kwa mwaka mzima, tena likifika upepo unalikatalia kushusha.

Kisiwa ni mlima wa volkeno uliosimama baharini, urefu mita 2,062, na eneo lake lote ni kilomita za mraba 98 tu. Ardhi tambarare ni kipande kidogo upande wa kaskazini-magharibi. Hapo ndipo kipo kijiji kimoja peke yake, jina lake Edinburgh of the Seven Seas, lakini wenyewe wanakiita Makazi tu. Watu wake hawafiki 250. Zoni moja ya kambi yetu inawazidi mara nyingi.

Jina la kisiwa lina habari inayogusa waswahili. Tristão da Cunha alikuwa nahodha Mreno. Mwaka 1506 alikiona kisiwa hicho akiwa njiani, wala hakushuka. Akaendelea na safari yake mpaka pwani yetu ya Afrika Mashariki, na watu wa Lamu wakalazimishwa kumlipa ushuru, na mji wa Barawa ukaporwa na kuchomwa mwaka 1507. Kumbe aliyepapita kisiwani bila kugusa kitu akaacha jina, na pwani alikogusa akaacha majivu.

Watu wa kukaa walikuja baadaye. Mwaka 1816 Uingereza ilipeleka askari wa kulinda kisiwa. Mwaka uliofuata askari wakarudishwa, ila koplo mmoja wa Scotland, William Glass, akaomba abaki na mke wake na watoto, pamoja na wenzake wawili. Wakaandika mkataba: mali itakuwa ya pamoja, faida na gharama zitagawanywa sawa, na hakuna atakayejifanya mkubwa juu ya mwenzake. Mwaka 1827 wakaja wanawake watano kutoka St Helena kuolewa na makapera waliokuwepo. Wengine waliletwa na ajali za meli, kama mabaharia wawili Waitaliano waliobaki mwaka 1892. Ndiyo maana mpaka leo majina ya ukoo pale ni machache, na karibu kila mtu ni ndugu ya kila mtu.

SIKU CHUMA KINAPOGONGWA

Sasa tuje kwenye kazi. Pesa ya kisiwa inatoka hasa kwa kamba koche, wale kamba wakubwa wenye gamba gumu wanaouzwa ghali nchi za nje. Lakini bahari ya kule ni kali. Siku za kuvua ni chache, na hakuna anayejua wiki mapema kwamba Jumanne kutakuwa shwari.

Basi kuna chuma kimetundikwa kijijini. Alfajiri wavuvi wakiona bahari imetulia, kinagongwa. Kila mtu anasikia na anajua: leo ni siku ya kuvua. Sisi tunaopanga foleni ya darasani kwa kugonga ringi ya gari tunaielewa sauti hiyo.

Chukua mfano wa baba wa kawaida wa pale. Kazi yake ya kuandikishwa iko serikalini, tuseme idara ya ujenzi: kutengeneza barabara, mabomba, paa. Chuma kikigongwa anaacha nyundo, anashuka bandarini, anaingia kwenye mashua na mwenzake, anatega mitego mpaka jioni. Ana ng'ombe na kondoo wake malishoni. Ana shamba la viazi ulaya, sehemu inayoitwa Patches, mwendo wa kilomita chache kutoka kijijini. Meli ya mizigo ikifika, yeye ni mpakuaji, maana bandari ni ndogo, meli kubwa haiingii, kila gunia linashushwa kwenye mashua na kuletwa nchi kavu. Wageni wakishuka, huenda ndiye atakayewaongoza kupanda mlima. Hapo mmehesabu? Ni kazi sita kwa mtu mmoja.

Mama naye ni vilevile. Asubuhi yuko posta, dukani, ofisini au shuleni. Ikiwa ni siku ya kuvua, jioni anakwenda kiwandani na wenzake kusafisha na kufunga kamba, maana samaki hasubiri kesho. Katikati ya hayo kuna watoto, kuna viazi, kuna sufu ya kondoo ya kuchambua, kusokota na kufuma soksi na sweta za kuuzia wageni.

Polisi wa kuajiriwa ni mmoja tu. Wasaidizi wake ni watu wenye kazi zao nyingine, wanaovaa sare wakihitajika. Kasisi asipokuwepo, na mara nyingi hayupo, ibada inaongozwa na waumini wenyewe. Baraza la kisiwa linachaguliwa na wananchi, na wajumbe wake ni haohao wavuvi, walimu na makarani. Mkubwa wao, anayeitwa Mwenyeji Mkuu wa Kisiwa, unaweza kukutana naye akichimba viazi.

Viazi hivyo siyo mchezo. Zamani pesa haikuwa na kazi kisiwani, kiazi ndicho kilikuwa pesa. Mwaka 1946 ilipochorwa stempu ya kupendekeza posta yao, iliandikwa bei ya peni moja, na chini yake: viazi vinne. Mpaka leo, familia isiyo na shamba la viazi ingeonekana ya ajabu.

KAZI ZISIZO NA MSHAHARA

Kuna kazi ambazo hakuna anayelipwa, na bila hizo kijiji kingekwisha. Kila mwaka kuna siku ya panya. Watu wanajigawa makundi, wanaingia mashambani na mbwa wao, wanawinda panya wanaokula viazi, na mwisho kuna zawadi kwa waliopata mkia mrefu kuliko yote. Kazi ngumu imegeuzwa sikukuu. Siku ya kukata manyoya ya kondoo nayo ni ya familia zote, watoto kwa wazee, na chakula kinaliwa pamoja hapohapo.

Lakini mtihani mkubwa wa kujitolea ulikuja mwaka 2011. Tarehe 16 Machi meli ya mizigo iitwayo Oliva iligonga mwamba wa kisiwa cha jirani kisicho na watu, Nightingale. Mabaharia wote 22 waliokolewa. Meli ikavunjika, mafuta yakamwagika, na ndege wa baharini wasioruka, wanaoitwa pengwini, wakapakaa mafuta kwa maelfu. Hapakuwa na shirika la kupigiwa simu lije kesho. Msaada wa nje ulikuwa siku nyingi baharini.

Basi wenyewe wakatoka na mashua, wakawakusanya pengwini zaidi ya 3,000, wakawaleta kijijini. Mafundi wakajenga mazizi. Wengine wakawa wanavua samaki wa kuwalisha, wengine wanaosha mafuta, mmoja mmoja. Bwawa la kuogelea la kijiji likawa la pengwini. Ndege wengi walikufa, lazima tuseme ukweli, waliopona walikuwa wachache kuliko waliokufa. Lakini fikirieni: kijiji kisichofika watu 300 kilisimamisha kazi zake kwa wiki kadhaa, na kazi ikafanyika kwa sababu kila mtu alikuwa tayari amezoea kubadilisha kofia. Fundi alijua mashua. Mwalimu alijua samaki. Hakuna aliyesema hiyo siyo idara yangu.

NAO WALIWAHI KUWA WAKIMBIZI

Hapa ndipo tulipoacha kusoma kidogo tukatazamana.

Mwaka 1961 ardhi ilianza kutetemeka. Wale wa Goma mliokimbia Nyiragongo mwaka 2002 au 2021 mnajua tunasema nini. Mwezi wa kumi ardhi ikapasuka karibu kabisa na nyumba, moto ukaanza kutoka. Tarehe 10 Oktoba kisiwa kizima kiliondoka, watu kama 260, na walichoweza kubeba. Waliingia kwenye mashua za uvuvi mpaka Nightingale, wakalala huko usiku, kisha meli ikawapeleka Cape Town, na nyingine ikawafikisha Uingereza. Huko wakawekwa kambini. Ndiyo, kambini. Kwanza kambi moja, halafu wakahamishiwa makazi ya zamani ya jeshi la anga, mahali panapoitwa Calshot.

Uingereza iliwapa vitu vingi. Walipata umeme, hospitali, mabasi, televisheni. Vijana walipata kazi za mshahara, kazi moja kwa mtu mmoja, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Kwa ile methali ya mshika mbili, sasa walikuwa wameshika moja na haiponyoki. Lakini baridi na magonjwa wasiyoyazoea viliwasumbua, na baadhi ya wazee walifariki huko. Na wengine waliona jambo ambalo hapa kambini tunalijua: mtu ambaye kwao ni mvuvi, mjenzi, mkulima na mzee wa kanisa, ugenini anakuwa mtu wa foleni tu.

Mwaka 1962 wataalamu walikwenda kuangalia, wakakuta lava imefunika kiwanda cha samaki na ufukwe wa mashua, lakini nyumba karibu zote zimesimama. Mwezi Desemba mwaka huo wakapiga kura. Waliotaka kurudi walikuwa 148. Waliotaka kubaki walikuwa 5. Mwaka 1963 wakarudi.

Walirudi kwenye kazi zilezile tano tano. Kiwanda kikajengwa upya, na bandari mpya ikachimbwa. Bandari hiyo wakaiita Calshot, jina la kambi waliyokaa. Hilo tuliliwaza sana. Hawakuona aibu kwa kambi. Waliibeba wakaiweka mlangoni mwa kwao. Pia tusiseme wote waliridhika: miaka michache baadaye baadhi waliondoka tena kwenda Uingereza, na wengine wao wakarudi tena. Hata katika kijiji cha ndugu, kila mtu moyo wake una njia yake.

WAO NA SISI

Ndugu wasomaji, hatutaki kuwadanganya kwamba kambi na kisiwa ni kitu kimoja. Wale wana ardhi. Mvuvi akivua, kamba ni wake na bahari ni yao. Mwaka 2020 walitangaza sehemu kubwa sana ya bahari yao, kilomita za mraba zaidi ya laki sita, kuwa hifadhi, wakabakiza sehemu ndogo ya kuvulia. Sisi hatuwezi kutangaza hifadhi hata ya mti mmoja. Wao wakisema hapana katika baraza lao, ni hapana yenye uzito. Na sisi kutoka nje ya kambi kutafuta kibarua kunahitaji kibali, na kibali siyo rahisi. Kwa hiyo mtu akituambia "kaeni mkijitolea tu kama watu wa kisiwani, mtafanikiwa", tumjibu kwa heshima: tupe kwanza shamba la viazi.

Lakini mambo matatu tumeona tunaweza kuyachukua bila kibali cha mtu.

La kwanza, kazi yoyote isibaki na mtu mmoja. Kisiwani mwaka 1885 mashua moja ilitoka kufuata meli na haikurudi. Wanaume 15 walizama siku moja. Kijiji kilibaki cha wajane na watoto, na kilikaribia kufa. Watu wa mahali kama hapo wanajua kwamba mtu anaweza kuondoka leo. Hapa kwetu pia watu wanaondoka: mmoja amepata safari ya nchi ya tatu, mwingine amerudi nyumbani, mwingine ameugua. Mwalimu wa hesabu akiondoka, darasa linabaki yatima. Anayejua kutengeneza pampu ya maji akiondoka, foleni ya madumu inafika barabarani. Basi kila fundi, kila mwalimu, kila mkunga, kila mpiga gitaa wa kwaya awe na wa pili wake, anayemfundisha sasa, kabla jina halijatoka kwenye orodha.

La pili, mzigo ugawanywe. Ule mkataba wa 1817 ulisema faida na gharama sawa. Kisiwani hata idadi ya mifugo ina kikomo kwa kila familia, ili malisho yasiishe na mmoja asiwameze wengine. Tuangalie kamati zetu. Je, siyo haohao watu sita wako kamati ya maji, ya shule, ya kanisa au msikiti na ya ulinzi? Na tuwe wakweli juu ya mama zetu na dada zetu. Mama akitoka kwenye mkutano wa kamati, anakuta kuni, maji, sufuria na mtoto mgonjwa vinamsubiri. Kwa baba, kazi ya tano ni heshima. Kwa mama, inakuwa ni kawaida tu, haihesabiwi. Kijana wa kiume anaweza kuchota maji. Hataoza mikono.

La tatu, kazi iandikwe. Tunawaomba vijana: nunueni daftari moja, hata la kurasa 48. Andikeni mmefundisha darasa gani, kuanzia mwezi gani mpaka mwezi gani. Mmejenga nyumba ngapi, mmetafsiri wapi, mmelinda zamu gani. Mkiweza, ombeni barua yenye mhuri kwa wale mliowasaidia. Siku mtakapofika mahali, iwe ni kwetu Fizi, Uvira au Kalemie, iwe ni nchi nyingine kabisa, mtaulizwa: ulikuwa unafanya nini miaka yote hiyo? Mkisema "nilikuwa kambini", mtakuwa mmejipunguza. Semeni mlikuwa mnafanya kazi tano.

NENO KWA WAZAZI

Wazazi wetu, methali ya mshika mbili haikukosea. Iliwaambia watu wenye uchaguzi: ukiwa na shamba zuri, usikimbilie biashara ukaharibu vyote. Tunaikubali. Lakini kuna watu ambao mahali walipo hapana kazi moja inayotosha kushiba, na kazi zote ndogo zinahitaji mikono. Hao wanaongozwa na methali nyingine: haba na haba hujaza kibaba.

Kijana wako akija usiku amechoka, usimwulize kwanza ameleta shilingi ngapi. Muulize darasa lake lina watoto wangapi, na nani anajifunza kwake hiyo kazi. Kama ameshika nyingi mpaka anaharibu, mwambie aache moja, tena amkabidhi mtu kwa mkono, asiitupe chini. Huo ndio ushauri tunaouhitaji kutoka kwenu.

Na nyie watoto, swali la mwezi huu ni hili: kama chuma kingegongwa kesho alfajiri katika zoni yenu, kila mtu nyumbani kwenu angekimbilia kazi gani? Mwulizeni baba, mama, bibi, babu, na hata mdogo wenu. Mwandike majibu, mwalete shuleni kwa mwalimu yeyote. Mwezi ujao tutachapisha baadhi yake hapa.

Tukutane tena kwenye ramani. Kaeni na amani.